Skeli ya reli za modeli

Skeli ya reli za modeli ni uwiano kati ya vipimo vya treni ndogo iliyotengenezwa kwa mfano na vipimo vya treni halisi. Modeli yenye skeli ya 1:87 ina maana kwamba kila sentimita 1 ya modeli inasimama badala ya sentimita 87 za treni yenyewe. Dhana hii ni ileile inayotumika katika ramani na katika michoro ya majengo.

Kuchagua skeli ni uamuzi wa kwanza wa mtu anayetaka kujenga reli ya modeli, iwe ndani ya chumba au nje katika bustani. Skeli huamua nafasi itakayohitajika, urefu wa treni, ukali wa kona, aina ya vifaa, gharama na ujuzi wa mikono unaotakiwa. Pia ni uamuzi mgumu kubadilisha baadaye: njia, vichwa vya treni, mabehewa, majengo na sanamu za watu vya skeli moja kwa kawaida havifai kwa skeli nyingine, hivyo anayebadili skeli huanza upya.

Kwa wapenzi wa reli za Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Reli nyingi za eneo hili zilijengwa kwa njia nyembamba kuliko reli za Ulaya na Marekani, ilhali modeli nyingi zinazouzwa duniani zinafuata reli za huko.

## Skeli na geji

Maneno mawili huchanganywa mara nyingi: skeli na geji.

* Skeli ni kiasi ambacho kitu kizima kimepunguzwa: urefu, upana na kimo.
* Geji ni upana wa njia, unaopimwa kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya reli.

Geji moja inaweza kutumika katika skeli mbalimbali. Njia ya modeli yenye upana wa milimita 45 ni mfano mzuri. Ikiwekewa treni ya skeli 1:32, inawakilisha njia ya milimita 1,440, yaani karibu sawa na geji ya kawaida ya kimataifa ya milimita 1,435. Ikiwekewa treni ya skeli 1:22.5, njia hiyohiyo inawakilisha milimita 1,012.5, yaani karibu sawa na geji ya mita moja.

Hesabu yake ni rahisi:

> Upana wa njia halisi = upana wa njia ya modeli × namba ya skeli

Ikumbukwe pia kwamba skeli hugusa vipimo vyote vitatu kwa pamoja. Modeli yenye urefu mara mbili ya nyingine ina eneo mara 4 na ujazo mara 8. Ndiyo sababu modeli kubwa ni nzito zaidi kuliko mtu anavyotarajia, nayo hutumia malighafi nyingi zaidi.

## Historia

Treni za kuchezea zilitengenezwa Ulaya katika karne ya 19 bila vipimo vya pamoja, na treni ya kiwanda kimoja haikuweza kupita kwenye njia ya kiwanda kingine. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig treni zilizopangwa kwa geji zenye namba. Geji 1 na geji 0 zinatokana na mpango huo.

Kadiri nyumba za mijini zilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo na treni zilivyopunguzwa. Geji 00 na H0 zilienea katika miaka ya 1930. Jina H0 linatokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "nusu ya sifuri", kwa kuwa ni takriban nusu ya skeli 0. Skeli N ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 Märklin ilitoa skeli Z ya 1:220. Mwaka 1968 kiwanda cha Lehmann cha Nürnberg kilienda upande mwingine kwa kuleta treni kubwa za LGB, zinazoweza kukaa nje kwenye jua na mvua.

Viwango vya pamoja husimamiwa na vyama vya wapenzi wa reli za modeli. Nchini Marekani chama cha NMRA kilianzishwa mwaka 1935, na barani Ulaya shirikisho la MOROP lilianzishwa mwaka 1954. Viwango vya MOROP huitwa NEM.

## Skeli zinazotumika zaidi

Jedwali lifuatalo linaonyesha skeli za kawaida kwa reli ya geji ya milimita 1,435, kwa kufuata desturi ya Ulaya bara.

| Jina | Skeli | Njia ya modeli (mm) | Njia halisi inayowakilishwa (mm) | Kimo cha mtu wa mita 1.7 |
|---|---|---|---|---|
| Z | 1:220 | 6.5 | 1,430 | mm 8 |
| N | 1:160 | 9 | 1,440 | mm 11 |
| TT | 1:120 | 12 | 1,440 | mm 14 |
| H0 | 1:87 | 16.5 | 1,436 | mm 20 |
| S | 1:64 | 22.5 | 1,440 | mm 27 |
| 0 | 1:45 | 32 | 1,440 | mm 38 |
| 1 | 1:32 | 45 | 1,440 | mm 53 |

Skeli H0 ndiyo iliyoenea zaidi duniani, ikifuatiwa na N. Maonyesho makubwa ya Miniatur Wunderland mjini Hamburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yamejengwa kwa skeli 1:87.

Nchi hutofautiana. Nchini Uingereza skeli N ni 1:148, na badala ya H0 hutumika 00 yenye skeli 1:76 juu ya njia ileile ya milimita 16.5. Sababu ni ya kihistoria: treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za zamani hazikuenea ndani ya modeli ya 1:87. Watengenezaji walikuza umbo la treni lakini waliiacha njia ilivyo. Matokeo yake ni kwamba njia ya 00 inawakilisha milimita 1,254 tu, na ni nyembamba kwa treni iliyo juu yake.

## Geji za reli za Afrika Mashariki

Mjenzi wa reli ya modeli ya Afrika Mashariki anapaswa kwanza kujua ni reli ipi anaiiga, kwa maana geji zilizopo ni tatu.

* Milimita 1,000 (geji ya mita). Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya geji hii. Ndivyo ilivyo pia reli ya Tanga iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928.
* Milimita 1,067. Reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kwa geji ya nchi za kusini mwa Afrika kati ya mwaka 1970 na 1975.
* Milimita 1,435. Hii ni reli ya kisasa inayojulikana kama SGR. Treni za abiria kati ya Mombasa na Nairobi zilianza mwaka 2017. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni za umeme zilianza mwaka 2024.

Jiji la Dar es Salaam lina geji zote tatu. Kwa sababu ya tofauti ya geji ya mita na ile ya TAZARA, mizigo iliyotoka reli moja kwenda nyingine ilihitaji kituo cha kuhamishia kule Kidatu.

Kwa SGR jambo ni rahisi: njia ya kawaida ya skeli yoyote katika jedwali la juu inafaa. Kwa geji ya mita, viwango vya NEM huongeza herufi "m" kwenye jina la skeli, na njia hutolewa kwa geji ya skeli ndogo zaidi:

| Jina | Skeli | Njia ya modeli (mm) | Njia halisi inayowakilishwa (mm) | Urefu wa modeli ya Garratt daraja la 59 |
|---|---|---|---|---|
| Nm | 1:160 | 6.5 | 1,040 | sm 20 |
| TTm | 1:120 | 9 | 1,080 | sm 26 |
| H0m | 1:87 | 12 | 1,044 | sm 36 |
| Sm | 1:64 | 16.5 | 1,056 | sm 50 |
| 0m | 1:45 | 22.5 | 1,013 | sm 70 |
| Im | 1:32 | 32 | 1,024 | sm 99 |
| IIm | 1:22.5 | 45 | 1,013 | sm 141 |

Garratt daraja la 59 iliyotajwa katika safu ya mwisho ilikuwa injini ya mvuke ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Injini 34 za daraja hili zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na urefu wa takriban mita 31.7 na uzito wa zaidi ya tani 250, zikiwa injini kubwa kuliko zote za mvuke zilizotumika kwenye geji ya mita. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili kati yake, namba 5918 *Mount Gelai* na namba 5930 *Mount Shengena*, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Milima yote miwili iko Tanzania.

Jedwali linaonyesha mambo matatu yenye manufaa kwa mjenzi:

1. Njia za skeli 0m na IIm ndizo zinazokaribia zaidi geji ya mita, zikiwa na kosa la takriban asilimia 1 tu.
2. Skeli Sm ndiyo inayokaribia zaidi TAZARA, kwa sababu milimita 1,056 na 1,067 zinatofautiana kwa asilimia 1. Nchini Afrika Kusini, Australia na New Zealand, ambako geji ya milimita 1,067 ni ya kawaida, baadhi ya wajenzi hutumia skeli 1:64 juu ya njia ya H0 kwa sababu hiyohiyo.
3. Katika H0m tofauti kati ya geji ya mita na geji ya TAZARA haifiki milimita 1. Njia ya milimita 12 inaweza kutumika kwa zote mbili bila kuonekana ina kasoro, na SGR ikapita kando yake kwenye njia ya milimita 16.5. Kwa hiyo 1:87 inamfaa anayetaka kuonyesha reli zote tatu za Dar es Salaam kwenye meza moja.

Kinyume chake, skeli 00 ya Uingereza ni mtego. Kwa kuwa injini nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitengenezwa Uingereza, mtu anaweza kudhani skeli ya Uingereza ndiyo inayofaa. Lakini katika 1:76 geji ya mita ni milimita 13.2. Njia ya milimita 16.5 ni pana mno na ya milimita 12 ni nyembamba mno.

Kosa jingine ni kuweka umbo la treni ya geji ya mita ya 1:87 juu ya njia ya kawaida ya H0. Uzuri wa treni za Afrika Mashariki uko katika umbo pana lililokaa juu ya njia nyembamba. Njia ikipanuliwa, treni hupoteza sura hiyo.

## Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

### Nafasi

Kinachokula nafasi zaidi ni kona. Viwanda hutengeneza njia zilizopinda zenye nusu kipenyo cha chini kama ifuatavyo: takriban sm 14.5 kwa Z, sm 19 hadi 23 kwa N, sm 31 kwa TT, sm 36 kwa H0 na sm 60 kwa treni za LGB. Treni inayozunguka duara kamili inahitaji kipenyo, yaani mara mbili ya kipimo hicho, pamoja na nafasi ya pembeni ili isianguke. Hivyo ubao wa H0 unahitaji upana wa karibu sm 90, na wa N karibu sm 55 hadi 60. Meza ya kawaida ya kulia chakula inaweza kubeba N bila shida, lakini H0 itabana.

Kona hizo ni kali kupita kiasi zikilinganishwa na reli halisi. Nusu kipenyo cha sm 36 katika 1:87 ni sawa na mita 31 tu. Mabehewa marefu hutokeza nje kwenye kona kama hizo na huweza kugonga nguzo au treni ya njia ya pili. Mwenye nafasi hutumia kona pana kadiri awezavyo.

### Urefu wa treni

Tuseme mjenzi anataka Garratt moja ikivuta mabehewa 10 ya mizigo yenye urefu wa mita 12 kila moja. Treni nzima ni mita 151.7. Katika skeli mbalimbali itakuwa hivi:

* 1:160 – sm 95
* 1:120 – mita 1.26
* 1:87 – mita 1.74
* 1:45 – mita 3.37
* 1:22.5 – mita 6.74

Njia ya kupishania kituoni lazima iwe ndefu kuliko treni. Katika chumba chenye urefu wa mita 3, treni hii inafaa kwa N au TT. Kwa H0 itajaza kituo chote, na kwa 1:45 haiingii kabisa. Mjenzi wa 1:22.5 ndani ya chumba hulazimika kuridhika na injini fupi ya kupangia mabehewa na mabehewa mawili au matatu.

Hakuna skeli inayoweza kuonyesha reli nzima. Reli ndogo ya Bububu huko Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 11, na hata hiyo katika 1:87 ingekuwa na mita 126. Kwa hiyo wajenzi huchagua sehemu moja: kituo, daraja au karakana.

### Miinuko

Treni ndogo hazipandi vizuri mwinuko unaozidi asilimia 3. Katika H0 njia inayopita juu ya nyingine inahitaji kuinuka karibu sm 7, na kwa asilimia 3 hiyo ni zaidi ya mita 2.3 za kupanda, kisha umbali kama huo wa kushuka. Mwenye nafasi finyu aidha aachane na daraja la kupishana au achague skeli ndogo zaidi.

### Ujuzi wa mikono na macho

Kosa la kukata la milimita 1 ni sawa na sm 2.3 za behewa halisi katika skeli 1:22.5, lakini ni sm 8.7 katika 1:87 na sm 16 katika 1:160. Anayetengeneza kila kitu kwa mkono kwa kutumia kisu, msumeno mdogo, tupa na rula hufanikiwa zaidi kwa skeli kubwa. Skeli ndogo zinahitaji macho mazuri, vifaa vya usahihi na njia safi, kwa kuwa hata chembe ya vumbi hukata umeme wa kichwa cha treni chepesi.

### Upatikanaji wa vifaa

Modeli za treni za Afrika Mashariki hazipatikani kwa urahisi madukani. Wajenzi wengi huchukua sehemu ya chini ya modeli ya treni nyingine yenye geji inayofaa, yaani mota na magurudumu, kisha hutengeneza umbo la juu kwa karatasi ngumu, plastiki, bati au kwa printa ya 3D. Skeli H0m na IIm zina faida hapa, kwa sababu reli za geji ya mita za Uswisi na Ujerumani, kama vile Reli ya Rhaetia, huigwa kwa skeli hizo.

Kwa skeli 1:64 faida ni nyingine. Magari mengi madogo ya kuchezea yanayouzwa madukani na sokoni yana ukubwa unaokaribia skeli hii, hivyo malori na magari madogo ya kuweka barabarani hupatikana bila kuagiza nje.

## Reli ya ndani

Skeli za Z hadi 0 hujengwa zaidi ndani. Msingi wake huwa fremu ya mbao nyepesi iliyofunikwa plaiwudi. Mbao ziwe zimekauka vizuri, kwani mbao mbichi hujikunja na kuipindisha njia. Katika maeneo ya pwani na kando ya maziwa makuu unyevu wa hewa hupanda na kushuka, kwa hiyo ubao upakwe rangi au vanishi pande zote mbili. Miguu ya meza ilindwe dhidi ya mchwa.

Treni za N hadi H0 kwa kawaida hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12 unaopita kwenye reli. Tangu miaka ya 1990 umeenea pia mfumo wa kidijitali wa DCC, ambamo kila kichwa cha treni hupewa namba yake na kuendeshwa peke yake kwenye njia moja na vingine. Katika skeli ndogo kabisa nafasi ya kuweka chombo cha kupokea amri ni finyu.

Mahali ambapo hakuna chumba cha kudumu, reli hujengwa kwa vipande vya ubao vinavyounganishwa kwa bolti na kutenganishwa baada ya matumizi. Kipande kimoja cha mita 1.2 kwa sm 60 kinabebwa na watu wawili. Kwa mtindo huu N, TT na H0m ndizo zinazofaa zaidi.

## Reli ya nje

Kwa bustani hutumika zaidi njia ya milimita 45. Skeli ndogo kuliko 0 huteseka nje: jani moja, kijiti au siafu wanaopita wanatosha kuiangusha treni.

Mambo makuu ya reli ya nje katika mazingira ya tropiki ni haya:

* Jua. Plastiki isiyotengenezwa kwa matumizi ya nje hupauka na kuvunjika. Treni huhifadhiwa ndani, na njia pekee hubaki nje.
* Joto. Chuma hutanuka. Njia ya shaba nyeupe yenye urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita 6 joto likipanda kwa nyuzi 30. Kwa hiyo viungo huachiwa nafasi ndogo, na njia haipigiliwi kwa nguvu kila mahali.
* Mvua. Msingi wa kokoto unaopitisha maji ni bora kuliko udongo mtupu. Udongo mweusi wa mbugani hauaminiki, maana huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mahali penye udongo huo ni afadhali kujenga tuta la mawe au nguzo fupi za zege.
* Umeme. Treni za LGB hupokea umeme wa volti ya juu kidogo kuliko H0, hadi karibu volti 24. Reli za nje huchafuka upesi, kwa hiyo wengi huweka betri ndani ya behewa na kuongoza treni kwa redio. Kwa njia hii reli yenyewe haihitaji umeme, na kukatika kwa umeme hakusimamishi treni. Umeme wa nyumbani wenye volti 230 usifikishwe kamwe kwenye njia. Transfoma ikae ndani, pakavu.
* Kokoto. Kokoto za reli halisi zina ukubwa wa takriban milimita 30 hadi 60. Katika 1:22.5 hizo ni chembe za milimita 1.3 hadi 2.7, yaani changarawe laini iliyochekechwa. Katika 1:87 ni chini ya milimita 1, yaani mchanga. Mchanga wa ufukweni upitishwe sumaku kwanza, kwani chembe zenye chuma huvutwa na mota na kuiharibu.

## Mada zinazofaa kwa Afrika Mashariki

* Kituo kidogo cha Reli ya Kati: njia kuu, njia moja ya kupishana, ghala na tangi la maji. Kinatosha kwenye ubao wa mita 2.5 katika H0m.
* Bandari ya kivuko cha mabehewa: Katika miaka ya 1960 Ziwa Victoria lilipata meli za kubeba mabehewa ya reli, zikiwemo MV Umoja na MV Uhuru, zenye urefu wa karibu mita 90. Meli kama hiyo ni karibu mita 1 katika 1:87, sm 56 katika 1:160, lakini ni mita 4 katika 1:22.5. Mada hii inahitaji skeli ndogo.
* SGR ya umeme: treni ndefu, madaraja na nguzo za nyaya. Skeli N inafaa, kwa kuwa mandhari pana ndiyo sura ya reli hii.
* Garratt mlimani: injini moja kubwa, kona na mawe. Kwa bustani, skeli 1:22.5 huwezesha kuonyesha magurudumu na mitambo yake, lakini injini ya mita 1.4 inahitaji kona zenye nusu kipenyo kikubwa kuliko sm 60.

## Matumizi katika elimu

Skeli ni sehemu ya hisabati na jiografia shuleni, na reli ya modeli huifanya ishikike kwa mkono. Hilo lina uzito zaidi mahali ambapo wanafunzi hawaishi karibu na reli. Mkoa wa Mara, kwa mfano, hauna reli. Mpango wa njia ya Tanga–Arusha–Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi, na reli iliyo karibu ni ile ya Mwanza. Mwanafunzi wa Suguti au Butiama anaweza kumaliza shule bila kuona behewa, lakini anaweza kupima na kutengeneza moja.

Watoto wa Afrika Mashariki wamezoea kutengeneza magari kwa waya, makopo na ndala chakavu, na ujuzi huo unatosha kuanzia. Kwa kazi ya darasani skeli 1:22.5 ina manufaa kwa sababu makosa madogo ya mkono hayaonekani sana. Kifuniko cha chupa ya soda chenye kipenyo cha karibu milimita 30 kinawakilisha gurudumu la milimita 675, dogo kidogo tu kuliko magurudumu ya mabehewa mengi. Behewa la mita 12 litakuwa na urefu wa sm 53, na vipande viwili vya mbao vilivyoachana milimita 45 vitaonyesha jinsi njia ya mita moja ilivyo nyembamba chini yake.

## Kujaribu kabla ya kununua

Kwa kuwa vifaa vingi huagizwa kutoka nje na kosa la skeli hugharimu, wajenzi wenye uzoefu hufuata hatua hizi kwanza:

1. Pima nafasi iliyopo, pamoja na mlango, dirisha na sehemu ya mtu kusimama. Mkono wa mtu mzima hufika vizuri hadi karibu sm 70. Ubao mpana zaidi unahitaji kufikiwa kutoka pande mbili.
2. Amua reli utakayoiga na geji yake.
3. Chagua treni ndefu zaidi unayotaka kuiona na ukokotoe urefu wake kwa skeli mbili au tatu.
4. Kata karatasi ngumu kwa urefu na upana wa kichwa cha treni na behewa katika kila skeli, kisha vilaze mezani au sakafuni.
5. Chora kona kwa chaki na kamba yenye urefu wa nusu kipenyo, halafu zisukume karatasi juu ya mstari.
6. Hakikisha mota na magurudumu ya geji hiyo yanapatikana kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Skeli ambayo treni zake za karatasi zinapita kwenye kona, zinaenea kituoni na zinaacha nafasi ya mandhari ndiyo inayofaa kwa mahali hapo.